Nyota Mbili Zilizokosekana

Kila Jumatano saa nane mchana, mwalimu wa elimu ya anga alikaa na wanafunzi wake sita kusoma makala moja ya kisayansi, aya kwa aya. Mmoja wao, mtu mzima aliyekuwa akitengeneza redio kabla ya kuja chuoni, walimwita Fundi. Wiki tano Fundi hakufungua mdomo. Ya sita akauliza maswali matatu, yote yale yale ambayo mwalimu aliyaandika kwa penseli pembeni mwa nakala yake.

"Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani," mwenzake akatania. Wote wakacheka, ila mwalimu. Asubuhi ile aliikuta nakala hiyo kitini ofisini mwake, ilhali jana yake aliiacha mezani.

Jumatano iliyofuata aligawa papo hapo, bila mtu kuisoma kabla, makala ya nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Alikuwa ameifundisha miaka minne.

"Leo anza wewe, Fundi."

Fundi akainamia karatasi muda mrefu, kidole kikitembea juu ya mchoro, midomo ikicheza. Leo kaumbuka, mwalimu akawaza, kisha akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

"Mwalimu, jedwali lina nyota arobaini na tatu. Mchoroni nahesabu nukta arobaini na moja. Mbili ziko wapi?"

"Labda zimelaliana."

"Basi tuzichore."

Mwalimu akazichora zote ubaoni mwenyewe, akifuata jedwali. Zile mbili zilizokosekana ziliangukia mbali na mstari uliopita kati ya nukta nyingine, mbali kabisa.

"Wamezificha?" binti mmoja akanong'ona.

"Sijui. Tuwaulize walioiandika," mwalimu akasema.

Waandishi walijibu baada ya wiki tatu: mawingu yaliharibu vipimo vya nyota hizo, wakasahau kueleza.

"Mawingu yachague hizo hizo mbili?" Fundi akaguna. Wakaomba kumbukumbu za vipimo. Usiku wa kupima nyota ya kwanza ulikuwa na mawingu kweli. Usiku wa nyota ya pili anga lilikuwa safi. Waandishi wakakubali kuirudisha nyota moja, na hitimisho lao likalegea.

Siku hiyo mwalimu alimbakiza Fundi. Mfagizi wa ofisi alikwisha kumwambia mwalimu kwamba yeye ndiye aliyeihamisha ile nakala akifuta meza.

"Nilikushuku, Fundi. Nilidhani umesoma maandishi yangu ofisini. Nisamehe."

"Niliona," akajibu, akikunja karatasi zake. "Unavyonitazama."

Jumatano iliyofuata Fundi alichelewa, akakaa nyuma kabisa. Walikuwa wamefika aya ya tatu aliponyoosha mkono kuuliza.