Chungu cha Dorica hakikulia

Hapa Nchelenge, kando ya ziwa, watu wananiita mushairi, na jina lile lilinipanda kichwani. Leo nitasema kweli, hata ikiniuma.

Katongo, rafiki yangu muvuvi, alikufa mwezi wa pili, wakati ziwa limefungwa ili samaki wazae. Mutumbwi wake ulipinduka upande wa Kabuta. Kwenye kilio mama yake aliniomba wimbo, nikatunga. Ndani yake niliweka maneno kinywani mwa Dorica, muke wa marehemu: "Enda, bwana wangu, chungu kinalia njaa." Watu walilia sana. Kwaya iliuchukua, ikauimba mpaka Chisenga, na mimi nilifurahi, mushenzi mimi.

Dorica hakusema vile hata siku moja. Siku ile chungu chake kilikuwa na chakula. Aliyemutuma Katongo ni mimi. Wageni walikuwa wanatoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kusikiliza mashairi yangu, na niliona haya kuwapa samaki wa kukauka.

Nilijidanganya kwamba shairi halina kesi: mutu akilia, basi neno ni kweli. Nani ataenda kufunua chungu?

Kumbe wako waliofunua. Desturi ya hapa, kilio kikiisha, jamaa ya bwana inamufunga mujane ushanga mweupe mukononi, kuonyesha hana kosa juu ya kifo. Bila ushanga, hata sokoni wanamukwepa. Mama ya Katongo alikataa kumufunga. "Alimutuma mwanangu kwenye maji yaliyofungwa," alisema. "Wimbo si unasema?"

Miezi mitano ikapita. Dorica akaja kwangu, akakaa kwenye mukeka.

"Ba Mulumba, nilisema vile siku gani?"

"Mama, ile ni shairi tu."

"Basi kesho jamaa inakaa kikao. Kuja uwaambie ni shairi tu."

Nilienda. Nilisimama mbele yao nikaeleza yote: wageni, haya yangu, namna nilivyomuomba Katongo. Ba Chibwe, mujomba wa marehemu, alicheka.

"Ulimi hauna mufupa," alisema. "Juzi ulitunga ya chungu, leo unatunga ya wageni. Yote mazuri."

Nilikuwa nimejitengenezea kinywa ambacho hakuna mutu wa kukiamini.

Basi nikatoa telefone. Sauti ya Katongo ilikuwa mle, ujumbe wa asubuhi ile, nikaufungulia wote wasikie: "Ba Mulumba, upepo ni mubaya leo. Lakini wageni wako hawawezi kula samaki wa kukauka. Ninaenda. Uniwekee chai."

Haikuwa na vina wala mizani. Mama yake alijifunika uso na kitenge, akalia muda murefu. Halafu akafungua fundo la kitenge, akatoa ushanga, akamufunga Dorica. Mimi hakuniangalia.

Dorica alinifuata nje. Nilingoja matusi, na ningeyapokea.

"Hii sauti ulikuwa nayo tangu siku ya kilio?"

"Ndiyo, mama."

"Telefone yake ilizama naye. Mutoto ananiuliza baba alikuwa anaongea namna gani, na mimi sina kitu. Ninamuimbia wimbo wako."

Akanyoosha telefone yake nimutumie sauti ile. Vidole vyangu vilikosea namba mara mbili.