Akiba ya Kindi Katika Ndevu za Papa Ignace

“Kweli ya Mungu! Nikiongeza chumvi hata punje moja katika habari za safari yangu ya Uingereza, ndevu hizi zinyolewe hapa hapa, mbele ya macho yenu.”

Papa Ignace alikuwa amesimama katikati ya saluni ya Orpha, mkono mmoja ameuinua kama yuko mahakamani, mwingine ameshika ndevu zenyewe. Watu wakageuka, maana ndevu zile hazikuwa za mchezo. Zilikuwa nyeupe pe, zimemshukia hadi kifuani, na mtaa mzima wa Yeoville, hapa Johannesburg, ulizijua. Kwa heshima ya zile ndevu, kanisani alipewa kiti cha mbele bila kuulizwa ni nani. Kwa heshima hiyo hiyo madereva wa teksi walimwita Baba na kuwahamisha vijana akae dirishani. Alitoka nazo Bukavu zikiwa nyeusi, akalinda nazo mageti ya matajiri mpaka zikageuka rangi, akastaafu nazo. Mtu haapii kitu kama hicho ovyo.

“Nimesikia,” akasema Mama Hélène, fundi cherehani aliyekodi kona ya saluni ile, pale mlangoni penye mwanga. Hakuinua hata macho. “Orpha, umesikia? Na wewe Dada Lorraine, uko shahidi. Papa akisema kweli mpaka mwisho, mimi namshonea suti ya vipande vitatu, kitambaa changu, uzi wangu. Akidanganya, mashine ya kunyolea ile pale.”

“Sharp,” akaitikia Orpha, vidole vyake vikiendelea kusuka nywele za Lorraine. “Nimeichaji jana.”

Papa Ignace akaitazama mashine ile mara mbili, kwa sababu, tuseme tu wazi, Uingereza hakufika.

Mambo yalikwenda hivi. Binti yake Murielle, anayeishi huko, alimwalika akamtembelee baada ya Pasaka. Kanisa likafurahi. Mama Hélène, kiongozi wa akina mama, akapanga maombi ya safari, wakamwimbia nyimbo za kumuaga mpaka majirani wakatoka nje kutazama, wakampa na sanduku la kuazima lenye magurudumu. Halafu viza ikakataliwa. Sasa mtu aliyekwisha kuimbiwa namna ile anarudije mtaani akikokota sanduku la watu? Papa Ignace akapanda teksi, akateremka Midrand, nje kidogo ya jiji, kwa mpwa wake Thierry, mtunza bustani katika mtaa mmoja wa wenye nazo, wenye ukuta, geti, jina la Kiingereza, na mialoni mikubwa iliyopandwa kuzunguka bwawa. Akakaa huko wiki mbili. Mchana alitembea chini ya miti ile. Jioni Murielle alimpigia simu akamsimulia msitu ulio karibu na kwake, kando ya ziwa, ambao angempeleka laiti angefika. Alipokuwa anarudi nyumbani, misitu hiyo miwili ilikuwa imekwisha kuwa mmoja kichwani mwake.

“Basi tuingie msituni,” akasema, akivuta kiti. “Lakini msiingie na kelele. Ule si msitu wa kupita ukiongea kwa simu. Unafika ukingoni, unaona ziwa limelala pale chini kama shuka iliyopigwa pasi, ukungu unafuka juu yake, na miti imeshuka kutoka kilimani mpaka majini, kama ng'ombe waliokuja kunywa. Mialoni! Mama Hélène, ule mwaloni tunaousoma katika Biblia, ambao Ibrahimu alikaa chini yake akapata wageni, mimi nimeukumbatia! Mikono yangu haikufika hata nusu. Nikamwita Murielle akaongeza mikono yake. Haikutosha. Tukaomba mzungu mmoja aliyekuwa akipita na mbwa.”

“Akakubali?” akauliza Orpha.

“Akakubali, akamkabidhi mbwa kwa mkewe, akakumbatia. Bado. Ikabidi na mke wake aje, mbwa tukamfunga kwenye kiatu changu.”

Orpha akacheka mpaka kitana kikamponyoka. Mama Hélène alisimamisha cherehani, ishara ambayo Papa Ignace aliijua vizuri: hadithi ikimkamata, mguu wake huwa unasahau pedali.

“Na majani yake mapana kama kiganja, yana mikunjo mikunjo pembeni. Ukipita chini, yanakudondokea, ya dhahabu, ya kahawia, mengine mekundu kama moto wa makaa. Unatembea juu ya zulia, kila hatua chwa, chwa, chwa. Nikasema moyoni, Ignace, hata harusini kwako hukukanyagishwa kitu kama hiki.”

“Mzee, samahani,” akasema Lorraine.

Lorraine alikuwa Mkenya, mtu wa benki, mpole sana, na ndiyo sababu Papa Ignace hakumwogopa mpaka hapo. “Mimi nilisomea kule. Mwezi wa tano majani ndiyo yanachipuka. Yanaanguka mwezi wa kumi, wa kumi na moja. Huku kwetu ndiko yanakoanguka saa hizi.”

Mama Hélène akageuza kiti chake taratibu, akatazama kwanza ndevu, kisha mashine ya kunyolea, kisha ndevu tena.

Papa Ignace alihisi jasho likitafuta njia mgongoni. Yale majani ya dhahabu aliyaona kwa macho yake, lakini aliyaona Midrand, na Midrand msimu wake ni mwingine. Akapiga kikohozi cha kununua muda. Shule aliiacha mapema, lakini kitabu kikimwangukia mkononi hakimponyoki, na miaka ile ya kukaa getini usiku alikuwa amekimaliza, tena na tena, kitabu cha zamani cha miti ya Ulaya alichokipata kwenye soko la Newtown. Akakifungua haraka haraka kichwani mwake. Na kikamjibu.

“Dada Lorraine, umesoma, lakini ulisoma benki,” akasema, na sauti ikamrudia. “Mwaloni ni mti mbishi. Mwingine, hasa ukiwa mdogo, majani yake yanakauka, hauyaachi. Unayang'ang'ania baridi yote, theluji inaupiga, yako pale pale. Mpaka machipukizi mapya yaje yayasukume, ndipo yaanguke. Mimi nilifika siku hiyo ya kusukumana! Juu kijani, chini dhahabu. Kumbuka vizuri. Hukuwahi kuona?”

Lorraine akafikiri. “Aki, ni kweli,” akasema polepole. “Kulikuwa na ua wa miti karibu na hosteli yetu. Majani makavu yalikaa hapo mpaka karibu na Pasaka.”

“Aa-haa!” Papa Ignace akapiga paja. Angeweza kuruka mpaka darini. Utamu wa kuokoka ulimpanda kichwani kama pombe ya ndizi, na kuanzia hapo hakutembea tena msituni, alikimbia. “Sasa mvua ikanyesha. Mvua ya kule hainyeshi kama ya huku, inayokuja na radi ikavunja mabati ikaenda zake. Ile inakaa, kama mgeni. Nikaingia ndani ya mwaloni uliooza tumbo, una uwazi kama kibanda cha mlinzi. Mnajua mimi na vibanda vya walinzi. Nikakaa, nikajiegemeza, nikalala.”

“Kazini pia ulikuwa unalala?” akauliza Mama Hélène.

“Mama, tuko Uingereza sasa hivi, usinirudishe kazini. Nikalala. Nikaota mtu ananipapasa kidevu. Kufungua jicho moja, nani? Kindi! Kadogo hivi, mkia kama brashi ya kufutia vumbi. Ameshika tunda la mwaloni, lile lenye kakofia, analisukuma ndani ya ndevu zangu, anapigapiga juu kwa kiganja, kama mtu anayezika mbegu. Akaondoka. Akarudi na lingine! Nikaelewa: ameona kitu cheupe kimening'inia ndani ya mti, akafikiri ni kuvu. Amenifanya ghala!”

Orpha alikuwa ameacha kusuka kabisa. Lorraine alikuwa ameshikilia rasta zake mwenyewe zisifumuke, machozi ya kicheko yakimtiririka.

“Nikasema, nikitikisika namtisha, na yeye ana watoto. Nikatulia. Akamwita na mwenzake. Wakagombana humo humo ndevuni, kwa lugha yao, krr-krr-krr, nadhani ilikuwa habari ya mpaka. Mmoja alitaka upande wa sikio la kushoto. Nikawaamulia.”

“Uliwaamulia vipi, Papa?”

“Nilipiga chafya.”

Saluni ikalipuka. Mwanamke aliyekuwa akipita nje na mifuko ya ununuzi akachungulia, akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Papa Ignace hakumpumzisha mtu. Akawatoa mtini, akawakimbiza mpaka ziwani, akamleta bata mkubwa mweupe mwenye shingo kama bomba la maji, aliyetoka majini mabawa yametanda, akawafukuza yeye na Murielle kuzunguka ziwa zima. Alipoigiza mbio zile, akiruka miguu ya watu na waya wa mashine ya kukaushia nywele, viatu vyake vikapiga sakafu kama ngoma.

Alipokaa chini, akihema, Mama Hélène alikuwa amesimama. Shingoni alikuwa na futi ya kupimia nguo. Akaishusha.

“Simama vizuri, Papa,” akasema. “Nyoosha mabega.”

Papa Ignace akanyoosha mabega. Futi ikapita mgongoni mwake, ikateleza kwenye mkono mpaka kifundo. Alisikia harufu ya chaki ya fundi. Aliiona suti: ya kijivu, yenye kizibao, na ndevu zimelala juu ya kizibao kama zimeandikiwa hapo.

“Mimi niliomba ufike salama,” Mama Hélène akasema kwa sauti ya chini, akipima kola. “Kila asubuhi. Leo nimefurahi, kweli.”

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini mtu aliyeshinda hanyamazi, na maneno yale ya Mama Hélène yalimchoma mahali fulani, akataka kumpa kitu, kitu cha kushika, asibaki na hadithi mikono mitupu.

“Na si maneno tu!” akasema, akichomoa simu mfukoni. “Mnafikiri Ignace anaenda msituni bila ushahidi? Tazameni.”

Hakuna aliyeuliza. Hakuna hata mmoja. Wakakusanyika, vichwa vinne juu ya kioo kimoja kilichopasuka kona. Video ile alikuwa ameipiga mwenyewe na kuichunguza kwa makini, asionekane Thierry, wala ukuta, wala geti. Na kweli hakuonekana mtu. Mialoni ilisimama mizito na mitulivu, maji yaking'aa nyuma yake, majani yakianguka moja moja.

“Eish,” Orpha akanong'ona. “Ni pazuri.”

“Ni kule kabisa,” akasema Lorraine.

Kisha simu ikapiga kelele.

“Haaa! Haa-haa-haa-daaa!”

Kama mtu amebonyeza honi ya gari bovu. Halafu sauti nyingine ikajibu, na ya tatu, na kwenye kona ya kioo likapita dege la kahawia, mdomo mrefu umepinda kama sindano ya kushonea magunia, likilia kana kwamba linadai haki yake.

Kila anayelala Johannesburg huamshwa na ndege huyo. Hadeda, ndege wa huku asiyeishi Uingereza, yuko juu ya paa, juu ya nyaya, kwenye nyasi za kila bustani. Analia alfajiri na analia jioni, na mtu akikaa mjini muda mrefu, sikio linamzoea kama linavyozoea pumzi yake mwenyewe. Papa Ignace alikuwa ameitazama video ile mara nyingi, sauti ikiwa juu, na hakuwahi kumsikia.

Sasa alimsikia.

“Papa Ignace,” akasema Mama Hélène, “huyo naye alipewa viza?”

Papa Ignace akatazama mlango, Orpha alikuwa amekwisha kusimama hapo, amekunja mikono.

“Midrand,” akasema mwishowe. “Kwa Thierry. Viza walininyima, Mama. Na ninyi mlikuwa mmeshaimba.”

Mama Hélène hakucheka mara moja. Alimtazama, futi bado mkononi, akatikisa kichwa. “Mzee mzima, badala ya kurudi tukulilie pamoja, unajificha vichakani.” Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka, akashindwa, akalia kwa kicheko, akashika ukuta. “Sikio la kushoto! Orpha, lete mashine! Kaa, Papa, kaa! Uliapa kwa Mungu, sikukulazimisha.”

“Niachieni masharubu basi.”

“Hukuapia masharubu, ni kweli,” akasema Lorraine, kwa haki yote ya watu wa benki. “Hayo abaki nayo.”

Wakamfunga kitambaa shingoni. Mashine ikanguruma. Ndevu zikaanza kushuka, fungu baada ya fungu, zikalala mapajani mwake kama manyoya ya kuku, na kwenye kioo kikatokeza kidevu kidogo, cha mviringo, chenye shimo katikati, ambacho mwenyewe alikuwa amekisahau.

“Yoo, Papa ni mtoto!” akapiga kelele Orpha.

“Na huko Midrand,” akauliza Mama Hélène, akifuta macho, “kuna miti hiyo kweli? Mtu anaweza kuingia?”

“Thierry anafungua geti Jumapili mchana. Miti ni ya kweli, maji ni ya kweli.” Papa Ignace alianza kuchangamka tena, akageuka na mashine ikiwa shavuni. “Na bata! Yule bata ni wa kweli kabisa, tena si mmoja, walikuwa watano, mkubwa wao ana meno…”

“Tulia,” akasema Orpha, akimshika kichwa kwa mikono miwili na kukirudisha mbele. “Bado upande huu.”