Ugali Uliopewa Kiti

Mume wangu Octavian alichaguliwa kuwa mshenga kwa sababu moja tu: tumbo. Maneno hana. Akisimama kutoa shukrani kanisani hupiga chafya akaketi. Lakini mezani, kwetu Nangara nzima hajatokea wa kumfikia, na kule Singe, kwa akina Dorika, binti tuliyekwenda kumposa, mshenga hapimwi kwa ulimi. Hupimwa kwa tonge. Wanasema upande unaokula vizuri utamlisha binti vizuri, na upande unaodonoadonoa umekuja na dharau.

Anayeoa ni Emanuel, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi. Anampenda Dorika hadi anakonda. Na tulishasikia kuna mwenye lori ameanza kupitapita pale kwao. Kwa hiyo posa ikubaliwe siku hiyohiyo, au basi tena.

Sasa, wiki kadhaa kabla, kliniki walimpima Octavian kiuno, dada wa lishe akatikisa kichwa. Akatueleza vizuri: aanze mlo na protini, yaani mayai, samaki, maharage, mbaazi, maana hizo hushibisha mapema na shibe yake hukaa. Mwili nao hutumia nguvu zaidi kuzishughulikia kuliko unavyotumia kwa ugali, na mtu akipunguza chakula zinasaidia misuli isiishe, yaishe mafuta. Ugali abaki nao, ila mdogo. Nikasema mbaazi tunalima, kuku ninao, ziwa lile pale. Tukaanza.

Na alipungua kweli! Asubuhi ya posa nikampa mayai, perege na bakuli la mbaazi, kama kawaida. Mimi nikanywa chai ya rangi, nikimalizia kupiga pasi suruali yake. Akifunga mkanda akaniambia, "Mama Leonia, nimeshiba mpaka kesho." Nikafurahi. Mtu akifuata masharti ya kliniki, kosa liko wapi? Sijutii yai hata moja.

Singe tulipokewa kwa vigelegele. Emanuel akaachwa nje karibu na banda la ng'ombe, asubiri jibu. Mama Dorika, jina lake Ursula, akaingia na ugali umeinuka kama kichuguu, akauweka kati ya Octavian na mumewe, mzee Melkiadi. Pale mgeni hali peke yake; mwenyeji hula naye, tonge kwa tonge.

"Karibu, bwana mshenga," Melkiadi akasema.

"Anza wewe, mzee."

"Mgeni ndiye anayeanza."

"Mwenye nyumba ndiye anayefungua."

Octavian akamega tonge la ukubwa wa punje ya harage. Melkiadi akamega dogo zaidi. Nikaona mashangazi wanatazamana.

Ugali ukapoa. Mgeni hapewi ugali wa baridi, kwa hiyo Ursula akasonga mwingine. Ila nyumba ile pia ina mwiko wake: chakula cha wakwe hakirudi jikoni kabla posa haijajibiwa. Basi ule wa kwanza ukahamishiwa kwenye kiti, na baba mdogo mmoja akasimama kuupisha. Ukaja wa pili, mkubwa zaidi, ukapoa, nao ukapewa kiti. Shangazi aliyenyanyuliwa akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyemkalia. Ulipoingia mwingine, sebuleni ugali ulikuwa umeketi na wazee wamesimama, na bibi mmoja asiyeona vizuri alikuwa akiuuliza habari za Nangara.

Nikamfinya Octavian mgongoni. "Kula! Mtoto anakosa mke!"

"Hauingii, Mama Leonia. Nitatapika."

Hapo Ursula akaweka mwiko chini. Hakuwa anamtazama mume wangu. Alikuwa anamtazama wa kwake.

"Mgeni ana sababu zake," akasema. "Wewe, Baba Dorika, ni nani anayekupikia?"

"Mama Dorika, wageni..."

"Mwezi mzima unagusa chakula changu unaacha. Mkanda umeutoboa matundu mapya. Mwanamume anayefika nyumbani ameshiba ana jiko la pili. Mtaje, wakwe wamsikie!"

Mzee Melkiadi akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa yai la kuchemsha, akaliweka mezani kama anayesalimisha silaha.

"Ni mayai," akasema. "Nayanunua stendi. Kliniki waliniambia kiuno kimezidi. Niliogopa kukwambia, ungesema nadharau mapishi yako."

Octavian akaruka. "Ni yule dada wa lishe? Uanze na protini?"

"Huyohuyo! Ugali mdogo!"

"Mimi hata njaa ya saa kumi siisikii tena!"

"Hata mimi!"

Watu wazima wawili wakapandisha mashati kuoneshana matundu ya mikanda, mbele ya mashangazi, huku wanacheka. Nilitamani kuwachapa wote.

Ursula hakucheka. Akavuta kiti cha mumewe, akaketi. Akanawa, akamega tonge kubwa la ule ugali uliokuwa bado unatoa mvuke, akachovya, akala. Hakuna aliyewahi kumwona akila mbele ya wageni. Yeye, kama mimi, kama mama zetu, hula mwisho, jikoni, ukoko na mchuzi uliobaki.

"Kumbe napika vizuri," akasema. Machozi yakamtoka, naye akaendelea kutafuna.

Mimi nami tangu asubuhi sikuwa nimekula chochote.

"Huyo kijana wenu," akaniuliza mimi, si mshenga, "akimchukua binti yangu, binti atakula saa ngapi?"

Octavian alifungua mdomo akapiga chafya.

"Watakula pamoja," nikasema. "Ukiwa moto. Siku nikisikia anakula ukoko peke yake jikoni, nitamrudisha kwako kwa mkono wangu, na Emanuel atanitambua."

Ursula akasukuma sinia upande wangu.

"Upande wenu haujala bado," akasema. "Nawa."

Nikanawa. Njaa yangu ilikuwa ya siku nyingi. Nikala mpaka Emanuel akaitwa ndani.