Ombi la Optatus

Mdogo wangu Optatus hamwamini Mungu, na jambo hilo halimsumbui hata kidogo, ndiyo maana linanisumbua mimi. Angekuwa mlevi, tungesema ni pombe. Angekuwa na nyumba ndogo, tungesema anamkwepa padre. Lakini hanywi, hagombani na mtu, anafanya kazi wizarani kule Mtumba, na jioni utamkuta kwake Ihumwa anamwagilia mchicha. Ukitaka kumshika kwa ubaya hupati pa kumshikia.

Watu husema chuo kikuu ndicho kilichomharibu. Wengine husema ni vitabu, wengine simu. Wanahangaika bure, mimi nilikuwepo. Baba alipougua kule Kibakwe tulikuwa bado shule ya msingi. Tulipiga magoti kwenye mkeka mmoja, tukasali novena ile ile ya siku tisa kwa maneno yale yale, na baba akafa kabla hatujaimaliza. Mimi nikasema Mungu amempumzisha na maumivu. Optatus akakunja mkeka, akauegemeza ukutani, akaenda kuwafungulia mbuzi. Ndiyo hivyo tu. Msiba mmoja, watoto wawili, kila mmoja akatoka na lake.

Mwaka huu mama alikutwa na uvimbe tumboni, tukamleta akae kwa Optatus ili awe karibu na hospitali. Upasuaji ukapangwa Jumatatu. Mama hakulalamika. Alisema anataka kitu kimoja tu: kabla hajaingia kwenye kisu, amsikie Optatus akisali.

"Nitakupeleka, nitakuuguza, nitakuogesha," Optatus akamwambia. "Lakini nikisali nitakuwa nakudanganya, mama."

"Watu wazima wanadanganya wazazi wao kila siku," nikasema mimi. "Wewe ndiye wa kwanza kukataa."

Jumamosi zamu ya jumuiya ikaangukia nyumbani kwake. Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, na zamu haimuulizi mwenye nyumba anaamini nini. Halafu kuna jambo ambalo kila Mkatoliki analijua: asiyeonekana jumuiyani, siku ya msiba padre anaweza asionekane. Kwa hiyo watu wa mtaa wetu huwa na imani kubwa sana siku ya Jumamosi. Zamu ikifika kwake, Optatus hupanga viti, huchemsha chai, kisha hukaa jikoni. Safari hii mwenyekiti wetu, Mzee Cornel, alimwita sebuleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo kaa na mama yako. Jumatatu si mbali."

Akakaa. Niliona uso wa mama ukikunjuka, nami nikafurahi kuliko nilivyoonyesha.

Tulisoma Injili, tukafika kwenye maombi. Kwetu kila mtu hutoa ombi lake kwa sauti, na akimaliza wote tunaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Mama Loisi akaombea mvua. Petro akaombea viongozi wetu wawe na hekima, kama anavyowaombea kila wiki bila kukata tamaa. Halafu macho yote yakaenda kwa Optatus. Akakohoa.

"Mimi naomba," akasema, na mama akafumba macho. "Daktari amesema Jumatatu itahitajika damu. Yangu peke yake haitoshi, na dada yeye damu yake ni pungufu. Naomba mje asubuhi mapema mchangie."

"Ee Bwana, utusikie," tukaitikia.

Optatus akatutazama. "Nimesema nawaomba ninyi."

"Ee Bwana, utusikie."

"Ninyi mliokaa hapa. Mzee Cornel, wewe. Mama Loisi. Wewe, Petro."

"Ee Bwana, utusikie," tukasema, safari hii kwa sauti ya chini, maana wengine walishaanza kuelewa. Hata mimi niliitikia mara zote. Mdomo ukishazoea haungoji kuulizwa.

Mzee Cornel akafunga kwa Baba Yetu. Chai ikanyweka bila maongezi. Watu walipoondoka nilimfuata Optatus jikoni, nikamwambia amemwaibisha mama mbele ya watu watakaomzika. Akasema yeye anachotaka ni wasimzike. Nikaosha vikombe.

Jumatatu asubuhi nusu ya jumuiya ilikuwa kwenye benchi la kuchangia damu. Kina mama walivaa sare zao za kitenge, na mbele yao alikaa Mzee Cornel, mkono wa shati umeshakunjwa. Muuguzi alimkataa kwa sababu ya umri. Mzee akanuna, lakini hakuondoka, akabaki pale kusimamia wengine wasipangue foleni.

"Unaona?" nikamwambia Optatus. "Mungu amesikia."

"Nawaona. Mama Loisi amesikia. Petro amesikia."

"Na aliyewatuma ni nani?"

"Mimi, dada. Niliwaomba mara tatu."

Tulikuwa tunatazama benchi lile lile. Nilitaka kumzaba kofi, na papo hapo nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote.

Damu ilipopatikana ya kutosha tuliingia wodini. Mzee Cornel akaongoza sala, tukaitikia inavyotakiwa. Kisha mama akaomba watu watoke, abaki na Optatus. Mimi sikutoka, kwa sababu na mimi ni mtoto wake. Nilisimama kando ya pazia, rozari mkononi, nikijua kwamba sasa mdogo wangu atasali, apende asipende. Nani angemkatalia mama aliyeshavishwa gauni la kijani la chumba cha upasuaji?

Mama hakumwambia asali.

"Optatus," akasema, "mimi nimesali tangu alfajiri na bado naogopa. Wewe usiyesali, ukiogopa unafanyaje?"

Optatus alifikiri. Huyu mtu hajibu haraka hata ukimuuliza saa.

"Sifanyi kitu, mama. Naogopa mpaka ipite."

"Huwa inapita?"

"Mara nyingi."

Mama akajisogeza kidogo kumwachia nafasi. "Basi kaa hapa, tuogope wote."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Mama akaanza kupumua taratibu. Mimi nilikuwa naogopa tangu siku ile uvimbe ulipoonekana, na niliyemwambia ni Mungu peke yake. Nikavuta stuli upande wa pili wa kitanda, nikashika mkono uliobaki.