Chokaa Isiyotiwa Chumvi

Asubuhi ya maziko, mjomba Luhende alimwita Scola pembeni akamkabidhi karatasi ya historia ya marehemu bibi yake. Akamsihi asome kuzaliwa, ubatizo, watoto na wajukuu, kisha akae. Mengine ayameze, maana Constantine, mnunuzi wa pamba, ndiye aliyetoa lori na jeneza, na ameketi kiti cha mbele. Scola aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alikuwa na lake.

Nani pale kijijini Dutwa asiyemjua bibi huyo, Nyanjige? Miaka arobaini alichora kuta kwa udongo mweupe, masizi na utomvu mwekundu wa mninga. Hakuna bibi harusi aliyeingia nyumba yenye kuta tupu. Ukuta wa ghala la pamba la ushirika ulikuwa wake mzima: wacheza ngoma, maksai, wanawake na matenga yao. Biashara huria ilipoingia na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, Constantine akalipata lile ghala. Alitaka ukuta mweupe wenye jina lake. Bibi akakataa katakata kufuta kazi yake. Jamaa hakugombana naye, alinong'ona tu kwenye vilabu vya pombe kwamba macho ya yule bibi ni mekundu mno.

Usukumani macho mekundu ni ya mchawi, na neno hilo si la mchezo. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa hilo. Macho yale yaliiva kwa moshi wa kuchemshia rangi, kila mtu alijua, na kila mtu akajifanya amesahau. Mwaka mzima Scola alimwona bibi yake akisalimia majirani na salamu ikianguka chini. Hatimaye Constantine akaja kumwajiri aupake ukuta chokaa kwa mkono wake mwenyewe, na bibi akakubali. Alitundika maturubai akidai jua kali linaharibu kazi. Siku ya tatu alirudi akicheka peke yake, akamnong'oneza mjukuu wake siri yake. Mwezi haukuisha, akafa.

Sasa Scola alimtazama yule mtu mnene mwenye pengo kwenye kiti cha mbele, kofia yake ya pama gotini, akaona raha chungu. Dawa ya moto ni moto. Akasoma yote aliyoagizwa, kisha akaikunja karatasi.

"Kazi yake ya mwisho ni ukuta wa ghala la Bwana Constantine," alisema. "Chokaa ya ukuta ule hakuitia chumvi."

Wanawake wakaguna. Kila anayepaka nyumba yake anajua kwamba chokaa bila chumvi haishiki, maji kidogo tu inaondoka. Constantine alimwuliza aliyeketi karibu naye, akajibiwa. Akainuka akaondoka kabla hata ya kutupa udongo kaburini.

Waombolezaji walipopita ghalani walimkuta na ndoo na kitambaa, shati limelowa. Alianza kwa kuchungulia kona moja, akaona sikio la fisi, akasugua alifute. Utomvu wa mninga haufutiki. Kadiri alivyosugua ndivyo fisi alivyotokeza mzima, na mgongoni mwake mtu mnene mwenye kofia ya pama na pengo la mbele. Huku kwetu anayepanda fisi ni mchawi, hata mtoto anajua.

Constantine aligeuka, kitambaa kikichuruzika maji meupe, akawaona wamesimama.

"Mwadila," aliwasalimia.

Scola alingoja kusikia nani ataitikia. Salamu ikaanguka chini, watu wakashika njia, mmoja mmoja.