Sufuria Katika Shamba la Viazi

Kitendawili! Wewe uliyekaa hapo, sema tega. Nimekaa miaka sabini bila kuni na bado natokota. Umesema mlima? Huo mimi nimeuona na theluji tu. Umesema moyo? Hayo ni ya nyimbo za redio. Nipe mji, halafu nyamaza usikie.

Huko Mweiga kuna mama anaitwa Watiri. Akishakama ng'ombe wake watatu na kupeleka maziwa barabarani, huvaa gambuti, akaweka visikizi masikioni, akaenda kutembeza mashine yake ya kunusa chuma. Aliipata Nanyuki kwa mzungu aliyekuwa akihama. Yeye alitoa kondoo, mzungu akatoa mashine. Ni mti mrefu wenye sahani chini. Unaipitisha juu ya udongo polepole, kama mtu anayepiga pasi, na ikikuta chuma inalia. Kwa mwaka mmoja ilikuwa imempa misumari, vifuniko vya soda, kengele ya mbuzi na nusu ya mkasi. Vyote alivipanga dirishani.

"Mama Ben, leo umeshika nini?" Kim wa lori la maziwa humuuliza. "Safina ya Nuhu?"

"Niko na skrubu yake tayari. Hiyo ingine inakuja."

Shamba moja tu hakuwa amelipitia, la Muchiri. Nduta, mamake Watiri, alizaliwa hapo. Alikuwa na miaka sita wakati wa Hali ya Hatari, siku askari wa mkoloni walipochoma boma lao na kuwapeleka watu kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki. Walipoachiliwa, shamba lilikuwa limeandikwa jina la jirani yao, babake Muchiri, na boma halikukumbukwa na mtu. Nduta alienda ofisi ya ardhi Nyeri mpaka mabawabu wakawa wanamwekea kiti. Kila mara aliulizwa ushahidi. Hakuwa nao. Alikuwa na fundo dogo tu kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Kitambaa kikichakaa, alilihamishia kingine. Hakuna aliyemuuliza lina nini. Wazee wana mambo yao.

Viazi vilipokwisha kuchimbwa, Muchiri alimruhusu Watiri aingie.

"Tafuta tu, mama. Ukipata jembe, ni yangu. Ukipata hiyo boma yenu, niite nione." Akacheka sana.

Siku ya tatu, katikati ya matuta, mashine haikulia. Iliuliza. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya haraka kidogo, kama ya mtu mwenye mwiko mkononi: "Nduta, hiyo chumvi iko wapi?"

Watiri alirekebisha visikizi. Akarudi nyuma hatua mbili, sauti ikakatika. Akasonga mbele, sauti ikauliza tena. Akabadilisha betri, kwa maana betri zikiisha mashine husumbua. Swali likabaki lile lile, ila sasa lilisikika vizuri zaidi.

Akachimba. Shimo lilipomfika magotini udongo ulikuwa wa moto, akavua sweta. Chini yake kulikuwa na sufuria juu ya mafiga matatu, kifuniko kimewekewa jiwe. Alifunua. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa inatokota.

"Muchiri!" aliita, na sauti ikafika barabarani. "Si ulisema nikuite? Kuja uone boma!"

Muchiri alikuja na Gikonyo, mpimaji wa ofisi ya ardhi aliyekuwa amekuja kumwekea mipaka ya ua. Majirani walikuja na sahani. Gikonyo alipima mafiga, akaandika: sufuria moja, ya moto. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Hapa kuliishi watu."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakaacha kula. Watiri alimkazia Muchiri macho.

"Basi," Muchiri akasema, "waliishi."

Hilo lilikuwa limengojwa miaka sabini. Gikonyo akafunga faili.

"Lakini hati ni hati, mama. Hii fomu haina mahali pa kuandika githeri. Shamba ni la huyu."

Ua ungejengwa Jumatatu.

Nduta alifika kwa bodaboda, amekaa kiupande, ameshika kitambaa kisipeperuke. Alitazama mafiga, akaenda moja kwa moja akaketi mahali pake. Akauliza kwa nini hawajapakua.

"Ilikuwa inakungoja, Mami," Watiri alisema, akamvalisha visikizi.

Nduta akasikiliza kwa muda. Kisha akaeleza, bila haraka, jambo ambalo Watiri hakuwahi kulisikia. Asubuhi ile alikuwa ametumwa kwa jirani kuomba chumvi. Aliporudi, nyumba ilikuwa inawaka na mamake anasukumwa kwa bunduki kwenye lori. Mamake aligeuza kichwa, akamuuliza, na lori likaondoka. Hawakuonana tena.

Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe, ya kijivu, kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto. Akaimwaga yote ndani ya sufuria, akakoroga, akainama juu ya mvuke.

"Niko nayo, mama," akajibu. "Ni kwa kina Muchiri walinichelewesha."