Mashine ya Wanawake wa Uroa

Riyama alirudi kutoka hospitali nguo zake zina damu ya mwenzake. Aliupita mlango wa nyumba yake bila ya kuingia, akenda moja kwa moja pwani. Alitaka kuiona ile mashine ya boti. Angekuwa na shoka angeipasua.

Boti ilikuwa ya kikundi chao, wanawake wa Uroa wanaolima mwani. Miaka hii maji ya karibu na ufukwe yamekuwa ya moto, mwani unaoza kwenye kamba, kwa hiyo walilazimika kuufuata kwenye kina. Riyama ndiye aliyejifunza kuendesha boti, akawa nahodha wao. Ila kule huvuki mwamba maji yakipwa mpaka uinyanyue mashine nyuma ya boti, la sivyo panga lake linalozunguka majini linagonga mawe. Kazi hiyo inafanywa na swichi: unabonyeza, pampu ndogo inasukuma mafuta, mashine inapanda yenyewe.

Tangu juzi swichi ilikuwa ikibonyezwa mashine haipandi. Asubuhi ile ikagoma tena, maji yanakimbia, mwamba uko mbele yao. Wakaishika kwa mikono, wakainyanyua. Sichana, rafiki yake Riyama tangu walipokuwa wakisoma Kurani chuoni, akapenyeza mkono ili aweke chuma cha kuizuia isishuke. Mashine ikaporomoka. Hospitali walimkata kidole cha shahada, na cha pili wakasema kingojewe.

Riyama alipanda botini, akampigia simu fundi Silima wa Mwanakwerekwe, aliyeifunga mashine ile.

"Fundi, mashine uliyotufungia imemkata mtu kidole."

"Nani?"

"Sichana. Na mimi nataka kujua kwa nini, leo hii, kabla sijaitosa baharini."

Fundi hakujitetea. "Upo hapo kwenye boti? Bonyeza ya kupandisha. Unasikia nini?"

"Pampu inavuma. Mashine imekaa pale pale."

"Basi umeme unafika. Si betri wala si waya. Ingekuwa kimya tungehangaika na huko. Pitisha mkono chini ya pampu, mafuta yanavuja?"

"Pakavu."

"Mkirudi kinyumenyume, mashine inatulia au inaruka?"

Riyama alikumbuka jana yake, walipokuwa wakiondoka kwenye mashamba. "Inaruka kama punda."

"Ubavuni pana tundu, na ndani mna skrubu pana. Nliwaonyesha siku ile. Ikiwa wazi, mafuta yanazunguka tu, hayasukumi kitu. Inafunguliwa betri ikifa, ili mtu ainyanyue mashine kwa mkono. Itazame."

Aliingiza bisibisi, akazungusha. Skrubu ilizunguka laini, bila ya kushika, ikaendelea kuzunguka mpaka mwisho ikakaza. Akabonyeza swichi. Mashine ikapanda taratibu, panga likatoka majini linachuruzika, ikasimama juu. Riyama aliikandamiza kwa kifua chake chote. Haikushuka.

"Imepanda," alisema.

"Alhamdulillahi."

"Imelegea yenyewe?"

"Bi Riyama, ile nliikaza kwa nguvu zangu zote. Hailegei yenyewe. Iko mtu kaifungua."

Alikata simu bila ya kuaga. Siku fundi alipoifunga mashine walikuwepo watu watatu: yeye, Sichana, na Haroub, mume wake Riyama, aliyekuja kusaidia kubeba. Haroub ndiye aliyeinama kuitazama skrubu ile. Ndiye aliyetaka aelezwe mara ya pili.

Alimkuta nyumbani ukumbini, anakula muhogo wa nazi.

"Baba Nadir, nani kafungua skrubu ya mashine?"

Alitegemea atakana. Njia nzima alikuwa akijipanga na maneno ya kumbana. Haroub alimeza tonge lake, akasema, "Mimi."

Kilichompandisha damu Riyama zaidi ni ile sauti, kama mtu aliyeulizwa nani kafunga dirisha.

"Kwa nini?"

"Nlidhani mtashindwa kutoka, basi. Mtakaa siku mbili tatu, mtachoka, boti itatafutiwa mwanamme. Nlijua vipi kama mtaikamata kwa mikono?"

"Kwa hivyo makosa yetu."

"Sikusema hivyo."

"Ulijua nnaingia baharini na watu. Asubuhi ulisimama mlangoni hapo ukanambia nende salama."

Haroub alisukuma sahani. "Kila nikikaa barazani naulizwa, nahodha wako kesharudi? Watu wanacheka. Mimi mwanamme, Riyama."

Riyama aliikaza kanga yake kiunoni. Alikuwa na maneno mengi, na yote aliyaona madogo. "Simama," alisema. "Utakwenda kumwambia mwenyewe."

"Ntakwenda kesho. Mwache apumzike."

"Leo. Ukikataa ntakwenda mimi, na ntayasema kwa sauti ya kusikika barazani kwako."

Sichana alikuwa kalala kwenye kitanda cha kamba, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo, umewekwa juu ya mto. Haroub alisimama karibu na mlango. Alianza na pole, akazungukazunguka, akaleta habari za kadari. Riyama akamkatiza. "Mwambie ulichofanya."

Akasema. Sichana alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye bendeji.

"Kilichokukera hasa nini?" aliuliza.

"Maneno ya watu."

"Kwa hivyo kidole changu kimekatwa ili watu wanyamaze." Alivuta pumzi. "Mimi kamba za mwani nafunga kwa mkono huu, Haroub. Watoto wangu nawalisha kwa mkono huu. Pole yako sina pa kuiweka. Nnakwenda kwa sheha."

Haroub alimgeukia mkewe. Alikuwa anangojea neno, kama ilivyo desturi ya mke kumsitiri mumewe mbele za watu. Riyama aliliona jicho lile la kuomba, na hasira iliyoanza kupoa ikawaka upya.

"Na mimi ntakuwa shahidi," alisema.

Kwa sheha, kiongozi wa kijiji, Haroub alijaribu kugeuza maneno, akasema aliilegeza skrubu kidogo tu kwa kuitazama. Riyama akasimama mbele ya wazee, akaeleza skrubu ilivyokuwa, akayarudia maneno ya mumewe moja baada ya moja, hata lile la nende salama. Wazee wawili waliinamisha vichwa. Ikaamuliwa Sichana alishwe na nyumba ya Haroub mpaka mkono wake upone, na mwenyewe asiisogelee tena boti ya kikundi. Sichana alitaka pia polisi wajue, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Njiani Haroub alimkimbilia mkewe. "Umenivua nguo mbele ya mji mzima."

"Nlisema uliyoyafanya, basi."

"Turudi nyumbani tuzungumze."

"Nnakwenda kwa mama. Ukiwa na la kusema, unajua nlipo."

Alimwacha hapo njiani. Asubuhi iliyofuata wenzake walikuwa wanamngojea ufukweni, na nafasi ya Sichana ilikuwa tupu. Walitoka. Maji yalikuwa madogo, mawe yanaonekana, na alipobonyeza swichi mashine ilipanda vizuri, boti ikapita juu ya mwamba bila ya kugusa. Mmoja wao akaanza kushangilia, akamtazama Riyama uso, akageukia kamba zake. Riyama alikuwa kakaza meno, mkono kwenye usukani, machozi yanamshuka na hayafuti.